Spinloku, atomiki, hesabu ya marejeo au umiliki: uchague ipi kutibu mgongano wa zamu kwenye draiva ya diski?

Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya sauti ikikosea zamu, msikilizaji husikia mkwaruzo kisha mambo yanaendelea. Draiva ya diski ikikosea zamu, programu inaweza kukabidhiwa ukurasa wa data ya zamani kana kwamba umesomwa sasa hivi, na hakuna atakayeshtuka mpaka siku faili litakapofunguliwa na kukutwa limeharibika. Ulinganisho huu ni wa yule aliyekwisha kubaini kwamba draiva yake ina mgongano wa zamu, yaani njia mbili za msimbo zinagusa kitu kimoja na matokeo yanategemea ipi imewahi. Sasa anajiuliza aweke nini: kufuli, biti ya atomiki (inayobadilishwa kwa hatua moja isiyokatizwa), hesabu ya marejeo, RCU (njia ya kusoma bila kufuli huku mwandishi akibadilisha nakala), au aupange msimbo upya ili mgongano wenyewe usiwezekane.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kasi isiwe swali la kwanza. Uliza kwanza ni nani anayemiliki kitu hiki kwa sasa, halafu uulize prosesa iko katika hali gani inapokigusa: ndani ya interapti (ishara ya kifaa inayokatiza kazi ya prosesa), au ndani ya uzi (mkondo wa utekelezaji) unaoruhusiwa kulala, yaani kusimama na kungoja? Ukishapata majibu ya maswali hayo mawili, njia zinazobaki mezani ni moja au mbili tu. Wengi huanza na kufuli kwa sababu ndilo wanalolizoea, na kufuli lililowekwa kabla ya kumjua mmiliki huificha kasoro kwa miezi kadhaa, kisha kasoro hurudi kwenye mashine yenye prosesa nyingi zaidi.

Mifano mingi hapa ni ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux, kwa kuwa msimbo wake na historia yake vinasomeka na kila mtu.

Kesi tatu za kupimia

Nitazipima njia zote kwa kesi zilezile, la sivyo ulinganisho utakuwa wa maneno matupu.

Kesi ya kwanza ni ombi lililochelewa. Ombi la kusoma limepelekwa kwa kontrola (saketi inayoiendesha diski) likiwa na tagi 17, yaani namba yake ya utambulisho. Kwa kawaida Linux hulipa ombi la NVMe (kiwango cha diski za SSD za kisasa) sekunde 30. Zikiisha bila jibu, msimbo wa kushughulikia ucheleweshaji huamka. Tatizo ni pale jibu linapofika katika sekunde ileile ya mwisho:

```
Prosesa 0: interapti              Prosesa 1: muda umeisha

inasoma jibu la tagi 17
                                  inaona tagi 17 imechelewa
inakamilisha ombi
tagi 17 inakuwa huru
ombi jipya linapewa tagi 17
                                  inakamilisha tagi 17
```

Hatua ya mwisho imelikamilisha ombi jipya, ambalo data yake bado haijafika kutoka kwenye diski. Aliyeomba anasoma kumbukumbu isiyojazwa. Hakuna ujumbe wa hitilafu, hakuna kerneli kuanguka.

Kesi ya pili ni kifaa kuchomolewa. Njia ya kuondoa kifaa inaachia muundo wa kifaa (rekodi yake katika kumbukumbu) huku kazi iliyopangwa tangu awali, au interapti iliyochelewa, bado imeshika kielekezi cha muundo huohuo. Hapa kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa hutumika tena, na mara nyingi kerneli huanguka mbali kabisa na draiva yako, katika msimbo usio na hatia.

Kesi ya tatu ni ya draiva za hifadhi hasa. Uzi unashika myuteksi (kufuli ambalo anayelingoja hulala) ya draiva kisha unaomba kumbukumbu. Kumbukumbu imebana, kwa hiyo kerneli inaamua kuandika kurasa chafu (zilizobadilishwa na bado hazijahifadhiwa) kwenye diski ili kupata nafasi. Uandishi huo unapitia draiva ileile na kuhitaji myuteksi ileile. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Kwa jina lake huu ni mkwamo, lakini nauweka hapa kwa sababu huzaliwa na dawa: mtu ameongeza myuteksi kutibu mgongano, akaleta mkwamo unaojitokeza pale tu mashine inapoishiwa kumbukumbu.

Spinloku

Spinloku ni kufuli ambalo anayelingoja huzunguka bila kulala. Sifa yake kubwa ni kwamba inalinda vigeu kadhaa vinavyopaswa kubadilika pamoja. Kichwa cha foleni, mkia wake na idadi ya maombi yaliyomo: vitatu hivi vikisomwa katikati ya mabadiliko havieleweki. Hakuna biti moja ya atomiki itakayokuokoa hapo.

Kwa kesi ya kwanza spinloku inatosha, mradi uamuzi kwamba tagi imechelewa nao ufanywe ndani ya kufuli hilohilo. Njia zote mbili zinashika kufuli, zinatazama hali ya ombi, anayekuta ombi bado liko njiani analibadilisha kuwa limekwisha, na anayekuta limekwisha anaondoka zake. Kuna masharti mawili ambayo hukosewa mara nyingi kuliko kufuli lenyewe.

Sharti la kwanza ni kuzuia interapti. Uzi ukishika spinloku kwa `spin_lock` ya kawaida, kisha interapti ikaja kwenye prosesa hiyohiyo na kuitaka spinloku hiyo, interapti itazunguka milele ikimngoja uzi ambao hauwezi kuendelea mpaka interapti iishe. Kwa data inayoguswa na pande zote mbili tumia `spin_lock_irqsave` upande wa uzi. Kasoro hii haionekani kwenye majaribio mepesi, kwa sababu inahitaji interapti itue kwenye prosesa ileile ndani ya muda mfupi mno.

La pili: usikamilishe ombi ukiwa umeshika kufuli. Kukamilisha huita msimbo wa juu, na msimbo wa juu unaweza kutuma ombi jipya papo hapo, ambalo litarudi kwenye draiva yako na kuitaka spinloku uliyoishika. Ndani ya kufuli fanya uamuzi tu, hamishia maombi yaliyokwisha kwenye orodha ya pembeni, achia kufuli, ndipo uyakamilishe.

Kadhalika kuhusu taima za draiva. Ukiita `timer_delete_sync` (zamani ikiitwa `del_timer_sync`) huku umeshika kufuli ambalo msimbo wa taima nao unalihitaji, umejifunga mwenyewe: unamngoja mtu anayekungoja wewe.

Gharama ya spinloku imezungumzwa sana, na inategemea kifaa. Kontrola ya AHCI (kiwango cha diski za SATA) inapokea amri 32 kwa kila mlango, zote kupitia foleni moja. Kwa kifaa hicho spinloku moja haikusumbui hata kidogo, na anayeikwepa kwa hofu ya kasi anajitafutia kasoro bure. NVMe ni jambo jingine: kiwango chake kinaruhusu foleni za data hadi 65,535, kila moja ikiwa na nafasi hadi 65,536. Ukiweka kufuli moja juu ya foleni zote hizo, mstari wa kashe (kipande cha kumbukumbu ya haraka ya prosesa) wenye kufuli utarushwa kutoka prosesa moja hadi nyingine mchana kutwa. Hilo ndilo lililoisukuma Linux kuingiza mfumo wa foleni nyingi, blk-mq, katika toleo 3.13 la Januari 2014, na hatimaye kuung'oa mfumo wa zamani wa foleni moja katika toleo 5.0 la mwaka 2019.

Angalizo kwa wanaolenga mifumo ya muda halisi: tangu toleo 6.12 la Novemba 2024, PREEMPT_RT, hali ya muda halisi ya kerneli, inaweza kuwashwa katika Linux kuu bila kiraka cha nje, na humo spinloku ya kawaida hugeuka kufuli linaloweza kulala. Msimbo uliodhani kwamba `spin_lock_irqsave` umezima interapti za prosesa utakuwa umedhani vibaya.

Myuteksi

Myuteksi hairuhusiwi ndani ya interapti, kwa hiyo kwenye njia ya kawaida ya kusoma na kuandika haina nafasi kubwa. Mahali pake ni kazi nzito na adimu: kuwasha kontrola upya, kuongeza foleni, kubadilisha programu ya ndani ya kifaa, kuondoa kifaa. Kazi hizo zina hatua nyingi, zinangoja maunzi kwa milisekunde au sekunde, na mbili zikienda sambamba zinavurugana. Kwa mgongano kati ya kuwasha upya na kuondoa, myuteksi ndiyo chaguo langu bila kusita.

Ila kesi ya tatu iweke moyoni. Ndani ya myuteksi inayohitajika ili uandishi uendelee, usiombe kumbukumbu kwa `GFP_KERNEL`, bendera ya kawaida inayoruhusu kerneli kuandika diski ili kupata nafasi. Ama tenga kumbukumbu kabla ya kushika kufuli, ama zungushia sehemu hiyo `memalloc_noio_save` na `memalloc_noio_restore`, ili maombi yote ya kumbukumbu yaliyo ndani, hata yaliyofichika katika msimbo wa watu wengine unaouita, yasianzishe uandishi wa diski. Napendelea jozi hii kuliko kupachika `GFP_NOIO`, bendera inayokataza uandishi huo, hapa na pale, kwa sababu bendera ya `GFP_NOIO` husahaulika siku mtu mwingine atakapoongeza mstari mpya.

Biti ya atomiki

Pale ambapo mgongano wote ni swali moja, yaani nani kati yetu amewahi, biti moja inamaliza kazi:

```
if (test_and_set_bit(OMBI_LIMEKWISHA, &ombi->hali))
        return; /* mwenzangu amewahi */
kamilisha(ombi);
```

Ni fupi, inafanya kazi popote hata ndani ya interapti, na haiwezi kuleta mkwamo. Kwa draiva nyingi ndogo, kiraka cha kesi ya kwanza ni hiki hasa.

Hata hivyo kisome tena kwa makini. Biti imekaa ndani ya ombi. Kama ombi limekwisha kukamilishwa na tagi yake kupewa ombi jipya, biti itakuwa imefutwa kwa ajili ya safari mpya, na anayechelewa ataikuta ni sifuri, ataiweka, na atalikamilisha ombi lisilo lake. Biti ya atomiki inajibu nani amewahi katika safari hii; haijui kama safari yenyewe imebadilika. Hapo ndipo wengi hufunga suala mapema, kwa sababu baada ya kiraka kasoro hupungua sana na majaribio yanapita.

Draiva ya NVMe ya Linux ina kinga ya ziada ambayo ningependa iigwe zaidi. Namba ya amri ya NVMe ina biti 16. Tangu mwaka 2021 draiva huzigawa: biti 12 za chini ni tagi, biti 4 za juu ni namba ya kizazi inayoongezeka kila tagi inapotumika tena. Jibu lenye kizazi kisicholingana linakataliwa. Biti nne ni thamani 16 tu, kwa hiyo kinga si kamili, lakini jibu la kuchelewa au la kurudiwa hunaswa karibu kila mara. Isitoshe, si kila kontrola inaivumilia: zile za Apple hutaka namba ya amri iwe ndani ya ukubwa wa foleni, na draiva ikalazimika kuwekewa msamaha kwa ajili yao. Ukichukua njia hii, soma kwanza kontrola yako inaitumiaje namba hiyo.

Jambo la pili kwenye atomiki ni mpangilio wa kumbukumbu, na hapa ndipo draiva iliyofanya kazi kwenye x86 kwa miaka huanza kusumbua ikihamia ARM. Prosesa za x86 husoma kumbukumbu kwa utaratibu mkali. Za ARM zinaruhusiwa kusoma la pili kabla ya la kwanza. Mfano hai ni jibu la NVMe. Kila jibu lina biti ya awamu inayoonyesha kama nafasi hiyo ya foleni imeandikwa upya. Draiva inatazama biti ya awamu, kisha inasoma namba ya amri na hali. Bila kizuizi (amri inayolazimisha mpangilio wa usomaji) cha `dma_rmb` katikati, prosesa inaweza kusoma namba ya amri ya zamani, kisha biti ya awamu mpya, na ukakamilisha ombi lisilo sahihi. Kufuli huja na vizuizi vyake ndani. Ukichagua atomiki, vizuizi umevichukua wewe. Kama huwezi kueleza kwa sentensi moja kila kizuizi kimeoanishwa na kipi upande wa pili, rudi kwenye spinloku.

Hesabu ya marejeo

Hesabu ya marejeo hujibu swali tofauti kabisa: kitu hiki bado kipo? Kila anayekishika huongeza moja, kila anayekiachia hupunguza moja, na wa mwisho hukiondoa. Haizuii watu wawili kuandika ndani yake kwa wakati mmoja. Nimeona viraka vinavyoongeza hesabu mahali palipohitaji kufuli, na kufuli mahali palipohitaji hesabu. Ukijua kwamba moja ni ya uhai na jingine ni la yaliyomo, hutachanganya.

Kwa kesi ya pili, kuchomolewa kwa kifaa, hesabu ndiyo msingi. Tumia `refcount_t`, iliyoingia Linux 4.11 mwaka 2017, badala ya `atomic_t` ya kawaida. Hesabu ikizidi mno au ikijaribu kufufuka kutoka sifuri, `refcount_t` hupiga kelele na kuganda juu, na kitu kikabaki bila kuachiwa. Kumbukumbu kidogo iliyopotea ni nafuu kuliko kumbukumbu inayotumika baada ya kuachiwa. Na pale unapokipata kitu kupitia jedwali au orodha, ambapo huna uhakika kama kinaelekea kufa, ongeza kwa `refcount_inc_not_zero` na uheshimu jibu la kushindwa.

Kwa kesi ya kwanza, historia ya blk-mq yenyewe inafundisha kuliko nadharia. Katika toleo 4.16, mwanzoni mwa 2018, wasimamizi walibadilisha ulinzi wa ucheleweshaji wakatumia RCU pamoja na namba za vizazi. Ulikuwa ujenzi wa akili, wenye hatua nyingi za kufuatilia. Kufikia toleo 4.18 la Agosti mwaka huohuo, ulikuwa umeondolewa na mahali pake kuwekwa hesabu ya marejeo kwenye ombi. Hoja ilikuwa hii: anayeshughulikia ucheleweshaji akishika rejeo, tagi haiwezi kupewa ombi jipya mpaka aachie, kwa hiyo ile hatua ya hatari katika mchoro wa juu haipo tena. Draiva inaruhusiwa kukamilisha ombi huku nyuma bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tazama kilichotokea: hesabu imelinda uhai wa tagi, na swali la nani amewahi limebaki mikononi mwa draiva. Kwa hiyo kwa kesi ya kwanza jibu kamili ni mawili kwa pamoja, hesabu ya marejeo kwa safari na biti kwa uamuzi. Ukiwa ndani ya blk-mq nusu ya kwanza umekwisha kupewa. Ukiandika draiva isiyopita humo, zote mbili ni juu yako.

RCU

RCU iliingia Linux mwaka 2002, katika matoleo ya majaribio ya 2.5, na jina la Paul McKenney, msanidi wa kerneli, haliachani nayo. Ni bora kwa kitu kinachosomwa mara nyingi na kubadilika kwa nadra: orodha ya njia za kufikia diski moja, kwa mfano. NVMe ya njia nyingi hutumia SRCU, aina mojawapo ya RCU, kwa jambo hilohilo, kwa kuwa msomaji wake anaweza kulala. Kwa maombi yenyewe, yanayozaliwa na kufa mara mamia ya maelfu kwa sekunde, RCU siyo. Na kama ndiyo mara yako ya kwanza kuigusa, usianzie kwenye kiraka cha dharura.

Kuondoa ushirika wenyewe

Njia hii haionekani kama dawa ya mgongano, ndiyo maana huachwa mwisho. Mimi huijaribu kwanza. Wawili hawawezi kugongana juu ya kitu ambacho mmoja tu anaruhusiwa kukigusa.

Namna ya kwanza ni foleni kwa kila prosesa. NVMe hufanya hivyo pale kontrola inapotoa foleni za kutosha: prosesa ina foleni yake ya kutuma na interapti yake, na jibu hurudi kwa aliyetuma. Kufuli bado lipo kwenye foleni, lakini karibu hakuna anayeligombea.

Namna ya pili ni kupeleka kazi zote zenye kubadilisha hali ya kontrola kwenye foleni moja ya kazi inayotekeleza moja baada ya nyingine. Kuwasha upya, kuondoa, kusimamisha kwa ajili ya usingizi wa mashine: kila moja inakuwa kazi kwenye foleni ya `alloc_ordered_workqueue`. Badala ya kufikiria jozi zote zinazoweza kugongana, unafikiria hatua moja kwa wakati. Gharama yake ni hali ya kontrola iliyoandikwa wazi (mpya, hai, inawashwa upya, inaondolewa) na sheria ya mabadiliko yanayoruhusiwa. Mfuatano usioruhusiwa unakataliwa mlangoni.

Namna ya tatu ni kuzima mfereji kabla ya kugusa bomba. blk-mq inatoa vyombo viwili ambavyo watu huvichanganya. `blk_mq_quiesce_queue` (kutuliza) inahakikisha hakuna ombi jipya litakaloingia kwenye draiva na kwamba wito wa kutuma uliokuwa ndani umetoka. Maombi yaliyo kwenye maunzi yanaendelea. `blk_mq_freeze_queue` (kugandisha) inangoja mpaka maombi yote yaishe. Sasa fikiria kontrola imekufa na unataka kuiwasha upya. Ukiita kugandisha kwanza, utangoja maombi ambayo hayatakwisha kamwe, kwa sababu anayeweza kuyamaliza ni wewe uliyesimama ukingoja. Kwa kuwasha upya kifaa kilichokufa: tuliza, zima kontrola, ngoja interapti zilizo njiani kwa `synchronize_irq`, futa maombi yaliyobaki, ndipo uwashe. Kwa kubadilisha ukubwa wa foleni kwenye kifaa kinachofanya kazi vizuri: gandisha.

Kuondoa kifaa kuna utaratibu wa namna hiyo. Funga mlango wa wanaoingia, zima chanzo cha interapti kwenye maunzi, ita `free_irq` ambayo hungoja walio ndani watoke, ita `cancel_work_sync` kwa kila kazi, kisha achia kumbukumbu. Ukibadilisha mpangilio, kwa mfano kufuta kazi kabla ya kuzima interapti inayoipanga kazi hiyo, interapti itaipanga tena na umerudi kesi ya pili.

Kwa jicho moja

| Njia | Ndani ya interapti | Inalinda | Itumie kwa |
|---|---|---|---|
| Spinloku | Ndiyo, interapti zikizuiwa | Vigeu vinavyobadilika pamoja | Foleni, orodha za maombi |
| Myuteksi | Hapana | Kazi ndefu yenye hatua | Kuwasha upya, kuondoa |
| Biti ya atomiki | Ndiyo | Uamuzi mmoja | Nani amewahi kukamilisha |
| Hesabu ya marejeo | Ndiyo | Uhai | Tagi, muundo wa kifaa |
| RCU | Ndiyo, kwa msomaji | Orodha isomwayo sana | Njia za kufikia diski |
| Foleni ya kazi yenye mpangilio | Kupanga kazi tu | Mfuatano | Mabadiliko ya hali ya kontrola |

Windows kwa ufupi

Maswali ni yaleyale, majina tofauti. Spinloku ya Windows hupandisha prosesa hadi DISPATCH_LEVEL, ambako kulala ni marufuku. Mfumo wa zamani wa SCSIport uliipanga draiva ndogo kwenye mstari mmoja; Storport, uliokuja na Windows Server 2003, unaruhusu kutuma na kupokea interapti kwenda sambamba, na anayehamisha draiva kutoka ule kwenda huu hukutana na migongano ambayo hapo awali ilizuiwa bila yeye kujua. Kwa kuondoa kifaa kuna kufuli la uondoaji, `IoAcquireRemoveLock` na `IoReleaseRemoveLockAndWait`, ambalo kimsingi ni hesabu ya marejeo yenye mlango wa kufunga.

Kuthibitisha kwamba dawa imefanya kazi

Kurudia jaribio mara elfu bila kuona kasoro hakuthibitishi kitu, kwa sababu kiraka chochote hubadilisha muda wa msimbo, na muda ukibadilika mgongano huhama. Kabla ya kutibu, panua pengo: weka `udelay` (amri ya kusubiri kidogo) kati ya kusoma hali na kuibadilisha mpaka kasoro itokee karibu kila mara. Kisha weka dawa, acha ucheleweshaji palepale, na ujaribu tena. Ikitoweka sasa, una ushahidi. Ucheleweshaji usiubakize kamwe kama dawa. Nimekuta `msleep` zilizosimamia draiva nzima, na kila moja ilikuwa kasoro iliyoahirishwa.

Zana nazo hazifanani. Lockdep, ya msanidi wa kerneli Ingo Molnar, iliyomo tangu 2.6.18 ya mwaka 2006, inakuonya juu ya mpangilio mbaya wa makufuli hata kama mkwamo haujatokea. Kesi ya tatu inaijua pia. KASAN inanasa kumbukumbu iliyotumika baada ya kuachiwa, yaani kesi ya pili. KCSAN, iliyoingia 5.8 mwaka 2020, inanasa prosesa mbili zikigusa kumbukumbu moja bila ulinzi. Lakini hebu fikiria kesi ya kwanza ikiwa imewekewa biti ya atomiki bila hesabu: kila mguso umefanywa kwa ulinzi, KCSAN haioni kosa, na ombi lisilo sahihi linakamilishwa vilevile. Kosa hilo ni la mantiki, na zana inayolinasa ni wewe na mchoro wa prosesa mbili.

Kwa kuchochea, `null_blk` na `scsi_debug` zinakupa diski za bandia, na `fail_io_timeout` inalazimisha maombi yachelewe. Endesha fio (programu ya kupima diski) kwa kina kikubwa cha foleni, kisha andika 1 kwenye faili la `remove` la kifaa halisi cha PCI unachokijaribu, chini ya /sys/bus/pci/devices, rudisha kwa `rescan`, tena na tena. Draiva inayostahimili hayo ikiwa na KASAN na lockdep vimewashwa imepita mtihani ambao draiva nyingi zinazotumika leo haziupiti.

Kiraka kidogo au kupanga upya?

Uchaguzi huu wa mwisho hutegemea tawi (toleo la msimbo linalodumishwa) unalolitibu. Kwa tawi la zamani linalohudumia mashine zinazofanya kazi sasa, ningepeleka kiraka kidogo: biti, hesabu, au mpangilio uliorekebishwa wa kuzima, mistari inayosomeka kwa mara moja. Kupanga upya hali ya kontrola kwenye tawi hilo ni kubadilisha kasoro moja inayojulikana kwa kadhaa zisizojulikana. Kwa tawi kuu, ukiona umetia kiraka mgongano wa tatu kati ya kuwasha upya na kuondoa, acha viraka na uhamishie kazi hizo kwenye foleni moja.

Na kabla ya kutuma chochote, ongeza kwenye msimbo wa ucheleweshaji hatua ambayo NVMe ya Linux inayo: muda ukiisha, tazama kwanza foleni ya majibu. Mara nyingine jibu limekwisha kuwasili na interapti ndiyo iliyopotea. Draiva hukamilisha ombi kwa njia ya kawaida, huandika onyo kwenye logi (daftari la matukio) ya mfumo, na haina haja ya kuwasha kontrola upya. Ni mistari michache, nayo hupunguza mara ambazo ile njia hatari ya kuwasha upya inaguswa.